Taa ya Kushoto Isiyowaka Asubuhi

Sina hakika kama jambo hili linastahili kuandikwa. Watu huandika habari za safari zao, za vyeo vyao, za wazee wao waliokuwa wakubwa huko walikotoka. Mie nataka kuandika habari ya taa ya gari. Nimeanza mara nyingi nikafuta, nikijiambia atakayesoma atasema huyu mama kakosa la kusema. Lakini kila nikipita mbele ya uwanja wa ukaguzi wa magari pale Ibra, huku kwetu Omani, kifua hunijaa, na kitu kinachoweza kumjaza mtu kifua kwa miaka yote hii nadhani kina haki yake.

Gari lilikuwa la baba. Jeupe, la Kijapani, la milango minne. Alilinunua tulipokuwa tukikaa Sur, naye bado kazini serikalini, na alilitunza kama wanavyotunza wengine ngamia wa mbio. Mama alipofariki tulimhamishia baba kwangu Ibra. Mie mwenyewe nilikuwa nimeshafiwa na mume, na wanangu wawili wa kike washaolewa, mmoja Nizwa na mmoja Samail, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi. Gari likaja pamoja na baba. Muda si mrefu macho yake yakaanza kupungua, akashindwa kuendesha, na gari likawa linakaa uani chini ya turubai.

Ndipo nikasema nitajifunza. Sijui niliupata wapi ujasiri ule. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma madarasa machache ya shule na baadaye masomo ya jioni ya akina mama. Mtihani wa mapipa, ule wa kurudisha gari nyuma katikati ya mapipa bila ya kuyagusa, ulinishinda mara nyingi mpaka mwalimu akawa ananionea haya. Lakini leseni niliipata. Miaka ile ya mwisho ya tisini, katika mtaa wetu, wanawake wenye leseni hawakuwepo. Nikawa mie wa kwanza.

Ukitaka kujua gari lile lilikuwa nini kwangu, lazima ujue hali ilivyokuwa kabla yake. Kabla yake nilikuwa mtu wa kungoja. Nangoja kaka aje kutoka Maskati, nangoja mtoto wa jirani atoke kazini, navaa buibui nakaa karibu na mlango na mkoba mapajani. Baada yake nikawa mtu anayengojwa. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa, naitwa mie. Bibi wa mtaani akitaka kwenda hospitali na hataki kupanda na dereva asiyemjua, naitwa mie. Nilimpeleka baba kwa daktari wa macho, nilikwenda Nizwa kumwona mwanangu siku niliyotaka mwenyewe. Likienda gari lile, narudi mlangoni na mkoba wangu mapajani. Hilo ndilo lililokuwa mizanini siku zile, na sikuwa na jingine.

Sasa ikaja siku ya ukaguzi wa mwaka, sisi tunaita fahas, ambao gari lisipofaulu huwezi kupata mulkiya mpya, ile kadi ya umiliki na ruhusa ya kutembea barabarani. Ilikuwa Januari. Nilikwenda asubuhi mapema ili nisikae kwenye foleni ya wanaume. Yule askari kijana akasimama mbele ya gari, akaniashiria niwashe taa. Nikawasha. Akatikisa kichwa, akanionesha upande wa kushoto. Kila kitu kingine kilikuwa sawa, breki sawa, tairi sawa. Taa ya kushoto haiwaki. Akaniambia kwa adabu nibadilishe globu, nirudi kabla ya mulkiya kumalizika.

Nikaona ni jambo dogo. Adhuhuri nikalipeleka gari eneo la karakana, kwa fundi umeme mmoja kutoka Malabari ya India, mtu wa mtindo wa polepole, Kiarabu chake cha kuungaunga kama changu. Akafungua boneti, akatoa globu ya zamani, akatia mpya, akaniambia niwashe. Ikawaka vizuri kabisa. Sitaki mtu adhani nilidanganywa. Globu ya zamani ilikuwa kweli imeungua, aliniwekea mkononi niitazame, na ile mpya niliiona ikiwaka kwa macho yangu. Kwa aliyoyaona yeye saa ile, kazi yake ilikuwa imekamilika.

Baada ya siku mbili tatu nikarudi kwenye fahas, asubuhi vilevile. Taa ya kushoto haiwaki.

Nilimwambia askari kwamba globu ni mpya. Akainama akatazama, akasema ndiyo, naona ni mpya, lakini mama, mimi nakagua mwanga. Alisema kweli. Nikaondoka na uso umeniwaka, nikapita njia ya nje ya mji nisionekane, ingawa nani angejua. Nilipofika nyumbani, kabla sijazima gari, jua limeshapanda, nikawasha taa tena kwa hasira tu. Zikamulika ukuta wa ua zote mbili.

Nilikaa ndani ya gari nikiutazama ukuta ule. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba nimerogwa, nasema kweli, na cha pili ni kwamba mie sikuwasha vizuri mbele ya askari. Nilijilaumu mimi kabla ya kuilaumu taa. Ndivyo nilivyo.

Alhamisi alfajiri, baada ya kusali, nikatoka nikawasha. Kushoto giza. Basi nikasema, hebu nifanye kama ninavyotafuta kosa katika cherehani yangu: sigusi vitu viwili kwa pamoja. Nilichukua globu ya kushoto nikaitia kulia, na ya kulia nikaitia kushoto, nikizishika kwa kitambaa kwa sababu fundi alinionya kioo chake hakitaki kidole chenye mafuta. Ile ya kushoto ikawaka kulia. Ile ya kulia haikuwaka kushoto. Kwa hiyo globu haina kosa. Nikaenda kwenye kisanduku cha fyuzi, kila taa ina yake, nikazibadilisha pande. Hali ileile. Fyuzi haina kosa. Nikasugua miguu ya soketi kwa msasa mwembamba. Hali ileile. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, na mie nilikuwa, ajabu, nimefurahi. Sikuwa nimepata kosa, lakini nilikuwa nimejua vitu vitatu ambavyo si kosa, na hakuna aliyenifundisha kuvijua kwa mpangilio ule.

Jua likatoka. Nilipojaribu tena, taa ikawaka yenyewe, bila ya mie kugusa chochote.

Mchana akaja kaka kutoka Maskati, kama alivyokuwa akija mwisho wa wiki, ambao siku zile huku ulikuwa Alhamisi na Ijumaa. Lazima nimwandike kwa haki. Kaka ni mkubwa wangu, na ndiye aliyekuwa akitutazama sisi wote. Hakuwa mtu wa kunionea. Alikuwa ameona gari moja likigongwa njia ya Sinaw kwa sababu lilikuwa na jicho moja, dereva wa upande wa pili alidhani ni pikipiki, na tangu siku ile hakuweza kustahamili habari ya taa mbovu. Nilimweleza yote. Akaenda mwenyewe kwenye gari, akawasha. Zikawaka zote mbili.

Akaniambia, "Mdogo wangu, mbona inawaka?"

"Asubuhi haiwaki."

"Na usiku?"

Nikasema usiku sijajaribu, sitembei usiku. Hapo akazima taa, akasema, "Gari bovu kabisa lina nafuu. Hili linalochagua saa ndilo litakalokuua."

Alikuwa ameshapata mtu Sinaw anayetaka injini yake. Akasema tutajaribu fahas mara moja zaidi, Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya mulkiya. Likikataa tena, yule mtu wa Sinaw atakuja kulichukua. Baba alikuwepo, anasikia. Gari lilikuwa lake kwa karatasi, lakini mambo ya karatasi alikuwa ameshamwachia kaka.

Usiku ule sikufikiri chochote cha maana. Nilijiona nimevaa buibui, nimekaa mlangoni.

Ijumaa alfajiri niliingia jikoni kutayarisha chai na mikate ya kumimina. Baba ana desturi yake, akishaoga asubuhi hujipaka mafuta ya nazi, miguu, mikono, na kichwa. Si ya dukani. Nayapika mwenyewe kama mama alivyokuwa akiyapika Unguja kabla hatujahamia Omani: nakuna nazi, nakamua tui, nalichemsha mpaka mafuta yapande juu. Nazi zenyewe zinatoka Salala au India, ghali kuliko tende, lakini baba hataki mengine. Siku za baridi mafuta yale huganda ndani ya chupa yakawa meupe kama samli, hata ukiipindua hayatoki. Kila asubuhi ya baridi kazi yangu ni kuitia chupa ndani ya maji moto. Adhuhuri huwa hayana haja, yanamiminika yenyewe.

Niliishika ile chupa, nikaipindua, na mkono wangu ukakaa palepale hewani.

Baba alikuwa akipaka mafuta yaleyale kwenye gari. Sote tulijua, hakuna aliyelifikiri. Ni mambo ya kwao. Unguja, ambako chumvi ya bahari inakula chuma, watu wa rika lake walipaka mafuta ya nazi kila kitu: baiskeli, bawaba za milango, makomeo, visu. Alipokuwa Sur alifanya vivyo hivyo kwa gari, hasa ndani ya boneti, boliti moja moja na kichwa cha kila waya. Alipokuja Ibra hakuacha. Hata macho yalipopungua aliendelea, anatafuta kwa vidole. Kabla ya fahas ndiyo kabisa, analipaka kama bwana harusi.

Niliacha chai jikoni nikatoka na tochi. Nilijua pa kutazama, na hapa sina budi kumpa haki yake yule fundi wa Malabari. Siku ile kwake nilimwuliza, kwa udadisi tu, kwa nini waya mweusi wa taa haurudi kwenye betri, bali umefungwa kwa boliti kwenye bodi. Akanijibu kuwa moto wa umeme unakwenda kwa waya na kurudi kwa bodi, gari zima ni njia ya kurudia. Nililielewa mara moja kwa sababu ya tochi ya bati: springi yake ya chini ikishika kutu, hata utie betri mpya na globu mpya haiwaki.

Boliti ya waya mweusi wa upande wa kushoto sikuiona. Niliona donge. Mafuta yaliyoganda, yamechanganyika na vumbi la Ibra, meusi juu, na nilipoyakwaruza kwa ukucha, meupe ndani. Waya wenyewe ulikuwa umelegea kidogo, kwa sababu baba alikuwa akiifungua boliti, anapaka mpaka katikati ya bati na waya, kisha anaikaza kwa mkono ambao hauna tena nguvu. Nikazunguka kulia. Kule boliti ilikuwa kavu na safi, rangi mpya. Upande ule uliwahi kugongwa na teksi iliyorudi nyuma sokoni Nizwa, ukanyooshwa na kupigwa rangi na nyaya zikafungwa upya, na baba alikuwa akilalamika kwamba wamefunga boliti ngumu hata haifunguki.

Nikachukua spana kwenye vifaa vya gari. Spana ilikuwa mkononi. Ningeweza kuifungua boliti, nikaisugua, nikaikaza, nikarudi kwenye mikate yangu, na baba asijue. Lakini gari ni lake na mafuta ni mkono wake. Na nikishasafisha nitajuaje kama ndilo lililokuwa kosa? Taa ingewaka, na ingekuwa jua limeshatoka, na kaka angesema inachagua saa. Nilitaka ionekane na watu, kabla haijapoa chai ya mtu na kabla halijapanda jua. Jua likipanda ushahidi wangu unayeyuka.

Nikaenda kwa baba. Alikuwa ameshamaliza uradi wake, amekaa kitandani na shali mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mafuta yangu yako wapi?"

"Baba, mafuta ndiyo yanayoizuia taa."

Hakunielewa, au hakutaka. Nikamweleza, baridi, kuganda, vumbi, waya mweusi. Nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyokuwa nikijishuku, kwa sababu likitoka mdomoni jambo lile lilionekana la kitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajiweka sawa.

"Mafuta ya nazi yameiweka baiskeli yangu tangu sijamwoa mama yako mpaka tunahama. Gari hili limekaa Sur, mlango kwa bahari. Nenda kaliangalie chini, kama utapata tundu moja la kutu njoo uniambie. Leo ndiyo yamekuwa adui?"

"Kutu halina, hilo kweli kabisa. Lakini Sur hakuna baridi hii. Ibra yanaganda."

"Hata mie Ibra naganda. Mbona nawaka?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka kwa pua tu, bado amekasirika. Dirishani niliona juu ya mlima kumeanza kuwa na rangi. Nikamwambia kwamba sitaki aniamini. Nataka atoke nje sasa hivi, anishuhudie nikikosea, na kama nimekosea nitasema hivyo mbele ya kaka, na gari liende Sinaw.

Nadhani neno la Sinaw ndilo lililomwinua. Akaomba fimbo yake.

Kaka naye nilimgongea. Akatoka na kikoi na fulana, nywele zimesimama, anauliza kama nyumba inaungua. Nikampa tochi aishike. Ndani ya dakika ile nilikuwa natoa amri kwa watu wawili ambao sijapata kuwaamuru maishani.

Nikawasha taa. Kulia mwanga, kushoto giza. Nikamwambia kaka aangalie vizuri, hakuna nilichogusa. Kisha nikachukua kipande cha waya wa taa ya jikoni niliokuwa nimeuchuna ncha mbili. Ncha moja nikaigusisha kwenye upande hasi wa betri, nyingine kwenye kichwa cha ule waya mweusi, nikilikwepa lile donge la mafuta, kana kwamba bodi haipo. Taa ya kushoto ikawaka. Nikatoa waya, ikazima. Nikagusisha, ikawaka.

Kaka akasema polepole, "Subhanallah."

Baba akaegemeza fimbo kwenye gari, akasogea. Mwanga alikuwa anauona, hata macho yake yalivyokuwa. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka fimbo, kumbe anataka ule waya. Nikamwongoza vidole vyake mpaka mahali penyewe. Akagusisha mwenyewe, akatoa, akagusisha tena, na tena, kama anayehesabu tasbihi. Kisha kwa kidole cha mkono wa pili akaligusa lile donge la boliti, akalifinya, akalinusa.

"Ni yetu," akasema. "Tena bado yana harufu nzuri."

"Ndiyo, baba. Nimeyapika mie."

"Basi fungua. Lakini bawaba za milango usinigusie."

Nikamwahidi. Nikafungua boliti, ilitoka kwa vidole tu. Nikafuta donge lote kwa kitambaa, nikasugua kwa msasa kichwa cha waya na lile bati mpaka ling'are, nikafunga na kukaza kwa spana kwa nguvu zangu zote. Kaka akataka kukaza zaidi, nikamwacha akaze, hakikusogea kitu. Nikawasha. Zote mbili, na jua bado halijafika ukutani.

Baadaye nilipomsimulia fundi wa Malabari alifikiri kidogo, akaniambia huenda ubaya mkubwa ulikuwa boliti kulegea, na mafuta yaliganda juu ya ubaya uliokwisha kuwepo. Sijui. Inawezekana ni kweli, yeye ndiye mwenye kazi yake. Mie naandika yote mawili. Na naandika pia kwamba chini ya gari lile, miaka yote ile, hakukuwa na tundu la kutu, na askari wa fahas mwenyewe alistaajabu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku. Kaka aliomba ruhusa kazini akabaki. Kwenye chai ya asubuhi akaniambia twende adhuhuri, kumeshapata joto, tusijitie mashakani. Alikuwa anasema kwa wema. Nikamwambia hapana, tutakwenda sasa hivi, saa ya baridi ileile. Kama itakataa, ikatae leo mbele yake, nisije nikabeba mtoto wa mtu na taa inayochagua saa. Nilipomaliza kusema nikaona haya, kwa sababu sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kaka alinitazama, akachukua kofia yake.

Nikaendesha mie, kaka akafuata nyuma na gari lake, nadhani ili awe na la kurudia kama langu litabaki. Katika foleni mikono yangu ilikuwa baridi juu ya usukani. Nilikuwa nimeshawasha na kuzima taa mara nyingi njiani, bado siamini. Askari alikuwa yuleyule kijana. Alilijua gari, alinijua. Akasimama mbele, ameshika kalamu, na niliona usoni pake kwamba hataki kunikatalia mara ya tatu.

Akaashiria. Nikawasha.

Mbele ya pale wanaposimama kuna ukuta mweupe. Niliona duara mbili, sawasawa, moja kulia na moja kushoto. Akaniashiria taa ndefu, nikapandisha. Akaashiria nizime, niwashe tena. Akasogea mpaka karibu, akaipiga taa ya kushoto kofi dogo la kiganja, ili aone kama itacheza. Haikucheza.

Alikuja dirishani akaniuliza kwa Kiarabu nimeipeleka karakana gani. Nikasema sikuipeleka karakana. Akauliza, basi nani kaitengeneza? Nilikuwa na majibu ya adabu mengi tayari, kwamba ni Mwenyezi Mungu, kwamba ni kubahatisha, kwamba ni mafundi. Nikasema, "Mimi."

Akamtazama kaka, ambaye alikuwa ameshashuka na kusimama nyuma yangu. Si kwa ubaya. Ndivyo watu wanavyotazama, wanamtafuta mwanamume wa kumthibitishia.

Kaka akasema, "Ni yeye. Mie nilishika tochi."

Yule askari akacheka, akapiga mhuri.

Najua neno lile lilikuwa dogo. Kaka amefanya makubwa zaidi kwangu, alinilipia masomo yale ya jioni, alisimama na jeneza la mume wangu. Lakini kama nitaulizwa siku gani nilijiona mtu katika ukoo ule wa watu wenye vyeo, nitasema ni pale, kwenye uwanja wa magari, na kucha zangu bado zina weusi wa mafuta na vumbi.

Mulkiya mpya tuliipata palepale dirishani kabla ya adhuhuri. Tulipotoka kaka akasimama kwenye maegesho, akatoa shada lake la funguo, akaanza kuhangaika na pete yake kwa ukucha. Sikujua anafanya nini. Akatoa ufunguo mmoja, wa gari lile, wa akiba, ambao sikujua hata kama upo. Baba alimpa siku alipoanza kupoteza macho. Akanitia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Mtu wa Sinaw nitampigia simu mie," akasema.

Kisha akatazama gari lake, akatazama langu. Akasema lake tutalijia jioni, limeegeshwa vizuri. Akazunguka, akafungua mlango wa kulia, ambao huku ndio wa abiria, akakaa, akavuta mkanda. Miaka yote hiyo kaka hajapata kupanda gari nikiendesha mie. Alikuwa akisema ana kazi, ana safari, ana gari lake.

Nikamwuliza twende nyumbani au anataka kupitia mahali.

"Nipeleke unakotaka," akasema, akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho.

Nikatia gia ya kwanza taratibu, nisimtikise.